Tukiunganishwa na Kenya tutawaka pamoja au tutazimika pamoja?

BARAKA: Haya karibuni tena, mimi Baraka, niko na dada Mwanaidi hapa Sinza, na leo tunaenda moja kwa moja kwenye swali maana watu wameliuliza sana. Hii laini ya msongo wa kilovolti 400 inayotoka Singida, Babati, Arusha, inatokea Namanga mpaka Isinya kule Kenya. Inatupunguzia kukatika umeme au ndo tumejiunga ili tuzimike wote?

MWANAIDI: Vyote viwili.

BARAKA: Aa, dada, hilo jibu la mgombea.

MWANAIDI: (anacheka) Hapana bwana, ni jibu la hesabu. Laini imeanza kupitisha umeme Desemba 2024, faida yake iko wazi, mtambo ukitripu huku, yaani ukijizima ghafla, jirani anakusaidia hapo hapo hata kabla hujanyanyua simu. Lakini laini hiyo hiyo inayoleta msaada inaleta na matatizo ya jirani, maana frikwensi, yaani mdundo wa umeme, ni moja sasa. Kipi kinazidi kingine, inategemea umeijaza kiasi gani. Na utaijaza kiasi gani, hapo hatuongei tena ufundi, tunaongea biashara.

BARAKA: Biashara inakuja kweli lakini? Maana sisi mnunuzi ni mmoja, muuzaji mmoja, LUKU moja.

MWANAIDI: Kwa mteja wa nyumbani ndiyo. Kati ya nchi na nchi ni habari nyingine. Kusini wana umoja wao wa umeme tangu 1995, SAPP, makao yake Harare, na soko la siku moja kabla wanalo tangu 2009, yaani leo unanunua umeme wa kesho saa kwa saa. TANESCO, shirika letu la umeme, ni mwanachama huko. Mashariki tuna umoja wetu, EAPP, wa 2005, makao Addis Ababa, nao wanaelekea huko huko. Na Kenya ameshaunganishwa na Ethiopia kwa ile laini ya mkondo mnyoofu (DC) ya kilovolti 500, Wolayta Sodo mpaka Suswa, kilomita 1,045. Kwa hiyo ukichora ramani saivi mlolongo unaanzia Ethiopia unakuja mpaka kwetu.

BARAKA: Sawa. Sasa wapangaji wa gridi wanajuaje kwamba iko salama? Nasikia wana kanuni ya N-1.

MWANAIDI: Ndo kanuni kongwe. Inasema ondoa kifaa kimoja chochote, laini moja, transfoma moja, mtambo mmoja, mfumo ubaki umesimama. Chukua mtu wa Kigamboni, ana kivuko pale Magogoni na ana daraja. Kivuko kikiharibika anazunguka darajani, atachelewa, atalipia, ila kazini atafika.

BARAKA: Na daraja likijifunga siku hiyo hiyo?

MWANAIDI: Kanuni haiulizi hilo, na hapo ndo ugomvi wangu nayo ulipo. Inahesabu vifaa, haihesabu uwezekano. Laini inayokatiza nyika kavu na laini inayopita sehemu za radi kila masika, mbele ya N-1 zote ziko sawa. Tena haiulizi hasara. Kuzima kijiji usiku wa manane na kuzima hospitali ya rufaa saa nne asubuhi, kwake yote ni "imefeli".

BARAKA: Chukua Bwawa la Nyerere basi. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. N-1 inasema ujiandae kupoteza 235.

MWANAIDI: Na ukijiandaa hivo unalala vizuri, halafu unasahau kwamba umeme wote ule unatoka Rufiji kuja Chalinze. Mtu wa uwezekano atakuuliza swali jingine kabisa: hii njia ya kutokea, ni mara ngapi kwa mwaka itakua na tatizo, itachukua saa ngapi kurudi, na wakati huo megawati ngapi zitakosa pa kutokea. Yaani mara ngapi, muda gani, kiasi gani, ukishapata hivyo vitatu unazidisha unapata umeme unaotegemewa kukosekana kwa mwaka, kwa megawati-saa. Hiyo namba ndo unaweza kukaa nayo mezani na mtu wa fedha.

BARAKA: Hebu niwape watu mfano wa tumbili kabla hatujaenda mbali.

MWANAIDI: Wape, nilijua utamleta tu.

BARAKA: Juni 7, 2016, kituo cha Gitaru, Kenya. Tumbili kapanda juu ya paa akaangukia transfoma, transfoma ikatripu, mitambo mingine pale ikazidiwa nayo ikatripu, zikaondoka megawati zaidi ya 180 kwa mpigo na nchi nzima ikaingia giza. Tumbili mwenyewe akapona! KenGen, wazalishaji wa umeme wa Kenya, walisema hivyo wenyewe. Sasa mimi mtu wa takwimu nauliza, hiyo uliiweka wapi kwenye N-1 yako?

MWANAIDI: Hiyo ni kifaa kimoja kilichovuta vingine. Karatasi inasema transfoma moja, ukweli ukaleta kituo kizima. Vifaa havifi kila kimoja kivyake, na hilo ndo watu wengi wanalikosea kwenye hesabu.

BARAKA: Tena wanakosea vibaya, ngoja niliweke kwa namba. Tuseme tu, za kubuni hizi, una laini mbili sambamba, kila moja inakua nje asilimia moja ya mwaka, hiyo ni kama saa 88. Ukisema kila moja inaharibika kivyake, uwezekano wa zote kuwa nje kwa pamoja ni moja ya mia mara moja ya mia, moja ya elfu kumi. Kwa mwaka ni dakika 53 hivi, safi kabisa, unampelekea bosi anafurahi. Lakini hizo laini zimefungwa kwenye nguzo zile zile! Weka sasa tukio linalozipiga zote, dhoruba, moto wa nyika, udongo umemomonyoka chini ya nguzo, lipe sehemu moja tu ya elfu ya mwaka. Hiyo peke yake ni saa nane na robo tatu. Karibu mara kumi ya ile ya kwanza, na hujagusa ubora wa laini hata kidogo.

MWANAIDI: Kwa hiyo mtu anayetaka kuongeza laini ya tatu kwenye nguzo hizo hizo...

BARAKA: Anapoteza hela, apitishe kwingine.

MWANAIDI: Na hilo N-1 haikwambii. Sasa turudi sokoni maana huko ndo panaumiza. Laini ikiwa yako peke yako, nafasi iliyobaki wazi ni usalama wako. Soko likiingia, nafasi ile ile inaonekana ni mali imelala. Kuna mtu ana umeme wa bei rahisi upande mmoja, kuna mteja upande wa pili, na wewe umekaa na laini nusu tupu unasema ni akiba. Atakuuliza, akiba ya nini, nionyeshe hesabu.

BARAKA: Na N-1 haina hesabu ya kuonyesha.

MWANAIDI: Ina ndiyo na hapana. Kwa hiyo inabidi uchukue uwezo wote wa kupitisha kati ya nchi mbili, utoe kile kilichokwisha kuuzwa, utoe na akiba ya usalama, kinachobaki ndo unatangaza sokoni. Ile akiba ndo kila mtu anaigombania. Ukiiweka kubwa, umemnyima mnunuzi umeme rahisi kila siku ya Mungu. Ukiiweka ndogo, unasubiri siku moja mbaya. Mimi sijui njia nyingine ya kuipima ya haki zaidi ya uwezekano mara hasara.

BARAKA: Italia 2003.

MWANAIDI: Enhe, Septemba 28. Usiku wa manane, umeme wa Ufaransa na Uswisi ni rahisi, Italia inavuta zaidi ya megawati 6,000 kutoka nje wakati mitambo yake mwenyewe imepumzishwa. Saa tisa na dakika moja usiku laini moja Uswisi inagusa mti, inatoka. Mzigo unahamia laini ya pili, ambayo inazidiwa. Walikua na kama robo saa ya kurekebisha. Saa tisa na dakika 11 Waswisi wanapiga simu Roma, punguzeni megawati 300. Wakapunguza, saa tisa na 21 hivi ikawa imeshafanyika, haikutosha. Laini ikipata moto inalegea, inashuka, saa tisa na 25 ile ya pili nayo ikagusa mti. Dakika chache baadaye nchi nzima giza, kasoro Sardinia. Watu kama milioni 56.

BARAKA: Sasa ukiangalia kwa jicho la N-1, walikua sawa.

MWANAIDI: Kwenye karatasi ndiyo, kwa masharti kwamba binadamu wawili wa nchi mbili wataongea vizuri kwenye simu saa tisa usiku. Weka uwezekano hapo uone.

BARAKA: (anacheka) Na kwetu ni Kiswahili pande zote mbili, angalau.

MWANAIDI: Kiswahili cha Nairobi na cha Singida saa tisa usiku, Baraka!

BARAKA: Hebu tuje kwenye hela. Hasara ya umeme uliokosekana unaipimaje? Maana bei ya uniti sio hasara.

MWANAIDI: Sio kabisa. Uingereza kwenye kupanga soko lao la uwezo wa mitambo, yaani la kulipia mitambo ikae tayari, walitumia pauni 17,000 kwa kila megawati-saa iliyokosekana, na kiwango chao ni kwamba upungufu usizidi saa tatu kwa mwaka, kwa wastani wa kutegemewa. Marekani wengi wanatumia siku moja ya upungufu kwa miaka kumi. Lakini hizo ni wastani, na wastani unadanganya. Agosti 9, 2019 Uingereza hiyo hiyo radi ilipiga laini, ndani ya muda mfupi sana shamba la upepo la Hornsea na kituo cha gesi cha Little Barford vyote vikapungukiwa. Akiba ilikua megawati 1,000 hivi, ya kubeba tukio moja kubwa. Yakaja mawili. Wateja zaidi ya milioni moja wakakatwa, umeme ukarudi ndani ya dakika 45.

BARAKA: Dakika 45 si kitu, mbona.

MWANAIDI: Subiri. Kuna treni zilijizima kwa ulinzi wake zenyewe, na nyingine hazikuwaka mpaka fundi aje na kompyuta yake. Abiria wakakaa humo saa na saa, umeme upo. Sasa fikiria SGR yetu ya Dodoma, ya umeme, halafu niambie megawati-saa moja iliyokosekana pale ina thamani sawa na ya kwenye baa Sinza.

BARAKA: Ya baa watu wanaendelea tu, bia ziko baridi bado.

MWANAIDI: Mi nawapenda Wanorwei kwenye hili. Soko la umeme wamelifungua 1991, lakini laini zimebaki za mashirika yenye ukiritimba, sawa, huwezi kujenga gridi mbili. Tangu 2001 kila umeme uliokosekana, thamani yake inapunguzwa kwenye mapato ambayo shirika la laini linaruhusiwa kukusanya. Yaani uwezekano umegeuka kuwa shilingi kwenye vitabu vya mhasibu, bosi anaanza kuuliza mwenyewe ile miti chini ya laini imekatwa lini.

BARAKA: Ila nikubane hapo. Hesabu hizi zinafanywaje? Huwezi kuziandika kwa mkono mfumo wenye vifaa mia.

MWANAIDI: Kompyuta inacheza miaka ya kubuni maelfu kwa maelfu, kila saa inarusha kete, laini hii iko, ile haiko, mahitaji kiasi hiki, halafu inahesabu mara ngapi watu wamekosa. Njia hiyo inaitwa Monte Carlo. Jamaa mmoja, Stanislaw Ulam, wazo lilimjia 1946 anacheza karata akiwa anaugua.

BARAKA: Na ina gharama, ukitaka kosa lipungue mara kumi unahitaji michezo mara mia. Kwa matukio adimu kama ya Italia ni shughuli. Lakini kinachoniuma mimi sio kompyuta, ni data. Unasema laini inatoka asilimia moja ya mwaka, nani kaandika? Hitilafu imeandikwa kwenye daftari la kituo, sababu "haijulikani", saa ya kurudi wamekadiria. Ukiweka takataka humo ndani, hata ucheze miaka milioni, utapata takataka yenye desimali nne.

MWANAIDI: Sikatai. Ila hata N-1 ina makisio, imeyaficha tu. Inasema kila kitu kina uwezekano sawa na vitu viwili kwa pamoja ni sifuri. Hayo nayo ni makisio, tena mabaya kuliko ya daftari.

BARAKA: Mmh. Hapo umenipiga. Lakini kuna kingine, Hispania, Aprili 28, 2025, saa sita na dakika 33 mchana. Mitambo ilikuwepo ya kutosha, jua linawaka. Volteji ikapanda kupita kiasi, mitambo ikajitoa mmoja baada ya mwingine, Hispania na Ureno zote chini. Hesabu yako ya umeme kutosha ingeona nini?

MWANAIDI: Isingeona kitu. Kutosha ni jambo moja, kusimama imara mtikisiko ukija ni jambo lingine, na hili la pili ni gumu mara kumi kulihesabu kwa uwezekano. Anayekuuzia programu inayofanya yote mawili kwa kubofya, mkimbie.

BARAKA: Basi tumjibu msikilizaji. Namanga ufanyeje?

MWANAIDI: Akiba isiwe namba moja ya mwaka mzima. Masika, radi, uza kidogo. Kiangazi uza zaidi. Tena ikiwezekana ibadilike kwa saa.

BARAKA: Mfanyabiashara wa Nairobi kanunua megawati 100 za saa mbili usiku, unampigia saa kumi na moja jioni, mkuu, radi zimeanza Babati, umebaki na 60. Atakubali?

MWANAIDI: Atakubali kama alinunua kwa bei ya umeme unaoweza kupungua. Anayetaka usiopungua alipe zaidi.

BARAKA: Na huku kwetu asiyelipa zaidi ndo anakatwa wa kwanza? Maana huyo namjua, anakaa Mbagala.

MWANAIDI: Ndo maana nataka orodha ya nani anakatwa kwanza iandikwe na kupitishwa na EWURA, mdhibiti wetu wa nishati na maji, mchana kweupe kabla soko halijaanza, sio opereta aamue peke yake laini ikiwa imeshashika moto.

BARAKA: Na mimi niione hiyo orodha, sio mnaifungia kabatini.

MWANAIDI: Uione na uibishie.

BARAKA: Nitaibishia. Yule wa Tabata aliyeuliza sola za juu ya paa zinaingiaje kwenye hizi hesabu, kipindi kijacho tutakua na wewe, maana zile zinavuruga kila tulichosema leo.