Sumaku za Hadidiski Kuukuu: Kuzitoa Bila Kuzivunja

Ndugu mafundi, hadidiski ikishafunguliwa haifai tena kuhifadhia kitu. Mwenyewe akiwa bado na picha au hesabu zake humo, azihamishe kwanza. Ukikuta imeandikwa SSD, iache. Hiyo haina sumaku.

Hii niliyoishika ni ya inchi 3.5, ya kompyuta ya mezani. Skrubu zake ni Torx (kichwa chenye tundu la nyota ya ncha sita), za nje kwa kawaida saizi T8, za ndani mara nyingi T6. Bisibisi ya nyota tuliyoizoea itakula vichwa vyake na kazi iishie hapo. Ukishatoa zote za pembeni na mfuniko ukagoma, usiuchokonoe. Pitisha kidole juu ya stika, utahisi kishimo. Toboa hapo: skrubu iliyojificha iko juu ya mhimili wa mkono unaosoma sahani, yaani diski zinazozunguka humo ndani. Hadidiski za laptopu, inchi 2.5, zina sumaku ndogo, na sahani zake aghalabu ni za kioo. Vaa miwani.

Mwisho wa mkono ule umekaa kati ya mabamba mawili ya chuma, na kwa kawaida kila bamba limegandishwa sumaku iliyopinda kama mwezi mchanga. Yanavutana kwa nguvu. Ingiza bisibisi bapa, inua upande mmoja polepole, vidole vikae nje.

Sumaku nyingi huharibikia hatua inayofuata. Mtu huchukua patasi, akaipenyeza chini ya sumaku na kugonga. Sumaku hii ni unga wa neodimia, chuma na boroni uliokandamizwa ukachomwa kwenye tanuri. Hainyumbuki, hupasuka kama kigae. Kinachokubali kupinda ni bamba, basi pinda bamba. Bana sikio lake moja kwenye jiliwa, shika la pili kwa spana malaya, kisha vuta taratibu kuelekea nyuma, mbali na sumaku. Gundi itaanza kuachia ukingoni, na utasikia inatatarika. Hapo isukume sumaku kwa kando ukitumia kipande cha mbao.

Moto usitumie kabisa: nyingi ya sumaku hizi huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi joto 80 hivi, na zikipoa hazirudi zilivyokuwa. Wala usizitoboe kwa drili, maana vumbi lake hushika moto. Ngozi ya nikeli ikichubuka, kutu huingia na kuila sumaku, hasa kwenye hewa ya chumvi. Paka rangi ya kucha mara moja.

Kwa kazi nyingi, mimi nasema usiitoe kwenye bamba. Bamba huielekeza nguvu upande mmoja, na mara nyingi lina matundu tayari: lipige skrubu ukutani, tundika spana. Ukitaka kuokota chenga za chuma, itie kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Ukimaliza geuza mfuko, chenga zote zimo ndani.

Anayeunda jenereta ya upepo azingatie kwamba uso mmoja wa sumaku hii una ncha mbili, kaskazini na kusini, zimepakana katikati. Telezesha juu yake ncha ya sumaku nyingine ndogo: upande mmoja itavutwa, wa pili itasukumwa. Ukiihesabu kama ncha moja, koili zako zitatoa umeme unaofutana.

Kuzihifadhi, tenganisha kila moja kwa ubao wa sentimita 2. Ziwe mbali na mtu aliyewekewa mwilini kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na juu kabisa watoto wasikofika: mtoto akimeza vipande viwili, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Hata vipande vilivyovunjika vihesabu.