Nilikuwa mhasibu, sasa ni nesi. Kabla hujalipa ada nisikilize kwanza

Habari zenu jamani, karibuni tena. Samahani kwa hii sauti, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, hata viatu sijavua, lakini najijua, nikishagusa mto hii video hairekodiwi leo wala kesho.

Meseji zenu nazisoma, msione kimya. Na karibia zote ni swali lile lile, kaka mi nina digrii ya biashara, kaka mi ni mwalimu, kaka nimefanya mambo ya kompyuta miaka sita nimechoka nataka kuingia unesi, nianzie wapi, shule gani, inachukua muda gani. Kila nikianza kujibu nafuta, kwa sababu jibu langu halianzi na jina la shule. Jibu langu ni kwamba kabla hujalipa hata senti moja ya ada, nenda kaogeshe mtu. Mtu mzima, usiyemjua, aliyelala kitandani. Ukishamwogesha rudi tuongee habari za shule.

Najua kuna anayecheka hapo. Na mimi nilicheka.

Mi nilikuwa mhasibu miaka minane. Shati limenyooshwa, tai, kiti cha kuzunguka, mtu akitaka kuniona anaanza kwa kubisha hodi. Nikaja huku Marekani, digrii yangu nimeibeba kwenye bahasha kama yai, nikakuta hakuna anayeiulizia, nikaishia kupakia maboksi stoo usiku. Ndo jamaa wakaanza, ingia hospitali wewe, nesi hakosi kazi hapa. Nikasikia kuna programu za haraka za watu ambao tayari wana digrii ya kitu kingine, mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu umemaliza, nikasema basi hiyo ndo yangu, nikawa tayari natafuta mkopo. Kuna dada mmoja alinitangulia kwenye hii kazi akaniambia mdogo wangu tulia, fanya kwanza CNA, yaani msaidizi wa nesi. Sheria ya nchi hapa inataka mafunzo yasiyopungua masaa 75, kuna majimbo yameongeza juu yake, lakini bado ni mambo ya wiki kadhaa. Mi nikaona ananishusha. Mtu na digrii yangu nikasafishe wazee? Nilimnunia miezi miwili, jamani. Kiburi tu.

Haya, nikaenda. Siku ya kwanza ya kumwogesha mtu ni mzee mmoja, mrefu, mkimya, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi baada ya kiharusi. Mi nimekariri hatua zote kama nakariri vocha. Unaanza na jicho, kona ya ndani kwenda nje, jicho la pili unatumia sehemu nyingine ya kitambaa, unaenda usoni, shingoni, mikononi, unatoka pasafi kwenda pachafu, nyuma ndo mwisho. Unafunika kila mahali isipokuwa pale unapoosha. Basi nafanya hivyo, natiki kichwani, jicho tayari, mkono tayari, najiona bingwa, mzee ananiangalia tu. Nimefika kifuani akasema taratibu, kijana, hayo maji yamepoa zamani.

Nikaingiza kidole kwenye beseni, kweli, ni baridi. Mzee ana vipele vya baridi mkono mzima na mimi nilikuwa namwangalia muda wote huo. Nilikuwa natazama orodha, yeye sikumwona kabisa.

Nikabadilisha maji. Nikaanza upya, safari hii taratibu. Nilipofika miguuni nikaona kisigino kina wekundu, kama shilingi hivi. Dada mwingine niliyekuwa naye zamu akaniambia bonyeza na kidole halafu achia. Nikabonyeza, nikaachia. Akaniuliza umeona nini? Nikasema ni pekundu tu vile vile. Akasema hapo ndo penyewe, ngozi yenye afya ukibonyeza inageuka nyeupe halafu rangi inarudi, hii haijageuka, maana yake chini kidonda kinaanza kwa ajili ya kulala upande mmoja, kamwambie nesi sasa hivi. Halafu akaongeza kitu ambacho mpaka leo nakitumia, kwamba kwa ngozi nyeusi kama zetu hutauona huo wekundu, unapapasa na mkono, unasikia pana joto au ubaridi kuliko pembeni yake, pagumu au palaini kupita kawaida. Nesi akaja, kisigino kikainuliwa na mto kisiguse kitanda, mzee akapangiwa kugeuzwa kila masaa mawili.

Mi nikarudi nyumbani silali. Yaani nilisikia ile raha niliyokuwa nayo zamani nikipitia vitabu nikakuta namba moja haikai sawa, wengine wote wameipita. Ile ile kabisa. Tofauti ni kwamba hii namba ilikuwa kisigino cha mtu. Hapo ndo nilijua naenda shule. Na darasani kwetu kule kwenye CNA walikuwepo watu wawili ambao siku kama hiyo iliwaambia kinyume, mmoja alimaliza wiki akasema jamani hapana, harufu siwezi, akarudi kwenye kazi zake na sa hivi yuko vizuri tu. Yule hakupata hasara. Hasara ni kugundua ukiwa semista ya tatu na mkopo wa watu mgongoni.

Halafu kuna simu ya nyumbani. Shangazi yangu, Mungu ampe maisha marefu, aliniuliza kwa upole kabisa, mwanangu tulikusomesha ukawe wa kuosha wazee? Sikuwa na jibu. Nikasema shangazi mtandao unasumbua nitakupigia. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Nilikuja kumpigia baada ya mwezi.

Sasa tuje kwenye hiyo digrii, maana najua ndo mnachotaka. Haitupwi, lakini haikufanyii kazi kama unavyodhani. Inachokuokolea ni yale masomo ya jumla, lugha, historia, hesabu, hurudii. Digrii ya nje inabidi ipelekwe kwa watu wa kutathmini vyeti, na transkripti, yaani karatasi ya matokeo yako yote, mara nyingi wanataka itoke chuoni moja kwa moja, sio wewe uibebe mkononi. Kwa hiyo wewe ambaye bado uko nyumbani, hilo anza kulishughulikia leo, usisubiri upande ndege. Mi chuo changu walinizungusha muda mrefu mpaka nikamtuma binamu akae pale ofisini kwao kama mlinzi, na sio mara moja. Ambacho haikuokolei ni sayansi. Anatomia na fiziolojia, mara nyingi semista mbili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia. Takwimu walinipokelea, nyingine zote nilikaa darasani na watoto wa miaka 19. Na hata kama ulisoma biolojia chuoni, shule nyingi hazitaki sayansi iliyokaa sana, miaka mitano, saba, wanakwambia rudia. Kwa hiyo ukisikia mwaka mmoja tu, uliza, mwaka mmoja baada ya nini?

Ile ya haraka sio njia pekee pia. Kuna ya miaka miwili kwenye vyuo vya jamii, na aliyetoka huko na mwenye digrii ya miaka minne wanakaa mtihani mmoja wa leseni, ule ule. Hospitali zingine zinapenda digrii kamili, unaweza kumalizia ukiwa kazini. Kuna na zile za kuingia moja kwa moja kwenye masta ukiwa na digrii ya kitu kingine. Mi nilichukua ya haraka na nitasema ukweli, kwa mtu mwenye watoto wadogo na kazi ya usiku siishauri. Ni kama kunywa maji kwenye bomba la zimamoto, ukifumba macho umepitwa na figo nzima.

Kitu kidogo ambacho hakuna aliyeniambia ni chanjo. Huingii wodini kama mwanafunzi bila karatasi za chanjo, kipimo cha kifua kikuu, ukaguzi wa polisi na cheti cha kufufua mtu aliyesimama moyo. Ya homa ya ini B wengi wanachoma ile ya sindano tatu, na kutoka ya kwanza hadi ya tatu ni miezi sita. Miezi sita! Usije ukakumbuka wiki ya kufungua shule.

Sasa ngoja niwape kisa cha uhasibu wangu. Hesabu za dawa. Nilisema hapa ndo kwetu, wenzangu wanatetemeka mi natabasamu, kwanza ni kuzidisha na kugawanya tu. Mtihani wa kwanza nikaandika jibu langu vizuri kabisa, miligramu 5.00. Mwalimu akaweka alama ya kosa. Nikaenda na karatasi mbele, madam hii hesabu ni sahihi. Akasema hesabu ni sahihi, uandishi unaweza kuua mtu. Huku namba ya dawa haimaliziwi na sifuri baada ya nukta, kwa sababu ile nukta ikififia, mtu akaisoma haraka usiku, 5.0 inakuwa 50, au ile yangu mie 5.00 inakuwa 500. Na ikiwa chini ya moja lazima utangulize sifuri, 0.5, kwa sababu ukiandika nukta tano peke yake nukta ikipotea inabaki tano. Miaka minane naandika sifuri mbili mwisho wa kila namba, mkono wenyewe unaandika. Ilinichukua semista nzima kuufundisha huu mkono kuacha. Nyie wa digrii zingine mtakuwa na sifuri zenu, mtaziona huko huko. Mwalimu atataka kufundisha mgonjwa badala ya kumsikiliza, mtu wa kompyuta atakaa anaangalia mashine wakati mtu yuko pale kitandani.

Na ule mtihani wa leseni, NCLEX. Maswali kuanzia 85 hadi 150, masaa matano, na kompyuta inakupimia kadri unavyojibu, ikisharidhika inazima, umefaulu au umefeli hujui. Mi ilizima mapema nikakaa kwenye gari nimeshika usukani bila kuwasha. Ugumu wake ni kwamba wanakupa majibu manne yote mazuri, wanataka lililo la kwanza. Wagonjwa wanne, nani unaanza kumwona? Mimi kwa akili ya ofisini nilikuwa nakimbilia anayelalamika sana, si ndo mteja. Kumbe anayepiga kelele angalau ana pumzi ya kupigia kelele, yule mkimya aliyeanza kuhema haraka ndo anaondoka.

Haraka haraka, kama uko huku kwa viza ya mwanafunzi, kazi ya CNA inataka kibali, usijiingize kwenye matatizo ukasema kaka wa video alisema. Kama uko nyumbani, kwenye ukoo hakosekani mgonjwa wa kulala, omba zamu yako ukamsaidie anayemhudumia, huyo atafurahi mpaka alie.

La mwisho ni la dada mmoja, ana miaka 43, ameniuliza kama amechelewa. Dada yangu, darasani kwetu kulikuwa na mama wa miaka 51, alikuwa dereva wa basi la wanafunzi, na ndo alikuwa anatufundisha mikrobiolojia kwenye kikundi, sisi vijana tunasinzia. Wewe kamwogeshe mtu wa kwanza halafu uniandikie, na usinidanganye, uniambie maji yalipoa au hayakupoa.

Haya, viatu navua.