Usichague Mchezo wa Kuokota Mipira

Karibuni, kaeni. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili la mtu mzima kuchagua mchezo wa kuanza nao, na ninyi mnaotabasamu najua mnangoja hadithi ya tenisi. Inakuja.

Sitawaeleza kwa nini mazoezi ni muhimu. Mngekuwa hamjui, msingekuja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au 75 hadi 150 za shughuli nzito. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Imetosha. Swali langu ni dogo zaidi: hizo dakika 150 utazipata wapi wewe ambaye mchezo wenyewe huujui?

Maana watu huchagua mchezo baada ya kuutazama ukichezwa na mabingwa kwenye televisheni. Ndugu yangu, wewe hutaucheza kama bingwa. Utaucheza vibaya, miezi sita, pengine mwaka. Kwa hiyo achana na habari za mchezo gani unachoma mafuta mengi. Jiulize hivi: nikiucheza vibaya, bado nitatoka jasho?

Haya, tenisi. Nilikuwa na miaka 41, kitambi kimeanza kutangulia mlangoni, raba mpya miguuni. Mwalimu akasimama ng'ambo ya wavu akanirushia mpira. Nikaupiga, ukaruka uzio. Akarusha wa pili, nikaukosa, ukabingirika hadi kona ya nyuma. Wa tatu niliupiga vizuri kabisa, ukaishia kwenye wavu. Ndoo ya mipira ikaisha ndani ya dakika nne, tukaanza kuokota. Sasa, kuokota mipira iliyotapakaa kwenye uwanja wa karibu mita 24 ni fani. Mitatu unaikamata mkononi, wa nne unaubana kwapani, ukiinamia wa tano ule wa kwapani unadondoka, nao haudondoki ukatulia, unakwenda zake. Shemeji yangu alinisindikiza siku ile, na kwa ushenzi wake akawa amekaa benchi anapima kwa simu muda ambao mpira ulikuwa ukichezwa. Kati ya saa nzima, dakika tisa. Zilizobaki tulikuwa tunaokota, au tunaufuata mpira nje ya uzio, au nimesimama nafundishwa kushika mpini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa. Lakini mimi nilikwenda kucheza.

Kila nikisimulia hili kuna mtu hunijibu kwamba kuokota nako ni zoezi. Kama ni hivyo, mwaga shanga sebuleni uokote. Raketi ya nini?

Na wacheza tenisi, msininunie. Najua kuna mipira ya wanaoanza. Ile myekundu hupunguza mwendo kwa takribani asilimia 75, ya machungwa asilimia 50, na yenye alama ya kijani asilimia 25. Ukienda kujifunza tenisi ukiwa mtu mzima, idai hiyo. Usione aibu kwamba ni ya watoto. Mimi sikuambiwa kama ipo, nikaacha baada ya wiki tatu, na raketi ikawa ya kuangulia maembe. Lawama si za mchezo, ni za kunianzisha mahali ambapo mwenye ujuzi ndiye anayekimbia na asiye nao anasimama.

Linganisha na mpira wa vinyoya, yaani badminton. Kile kidude kina manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo, uzito wake kama gramu tano. Ukikipiga kwa nguvu kinaanza kwa kasi ya ajabu, kisha hewa inakikamata, kinapungua mwendo, kinashuka kama kimechoka. Hapo ndipo wewe mgeni unapopata nafasi ya kufika. Umechelewa, umekaa vibaya, raketi umeishika kama mwiko, lakini umefika, umekirudisha. Kikianguka, kinaanguka miguuni pako, hakibingiriki. Unakiokota na mchezo unaendelea. Siku ya kwanza kabisa mtu anaweza kuhema nusu saa. Mabingwa ni habari nyingine, wale wanakimbia na kuruka mpaka unawahurumia, lakini mlango wa kuingilia ni mpana.

Naona muda unanikimbia. Nitapita haraka.

Kuogelea. Kila daktari atakusifia, na ni kweli, maji yanakubeba na magoti yanashukuru. Ila kama hujui kuogelea, wiki za kwanza unajifunza kutoa pumzi ndani ya maji bila kuingiwa na hofu. Ni vizuri, jifunze, lakini usizihesabu wiki hizo kama mazoezi ya moyo. Tafuta na kitu kingine cha pembeni.

Netiboli na kandanda la mara moja kwa mwezi na vijana wa kazini: hapo ndipo magoti yanapokwenda kufia. Netiboli ukidaka mpira unatakiwa usimame papo hapo, na goti ambalo miaka kumi halijasimama ghafla halikuelewi. Anza na kitu kingine, miezi mitatu, ndipo urudi.

Kukimbia. Kosa ni moja tu, nalo ni kukimbia. Tembea dakika mbili, kimbia moja, rudia. Moyo na pumzi vinazoea upesi, kano na mifupa vinachelewa. Kwa hiyo wiki ya nne unajiona simba, unaongeza mwendo, na ugoko unaanza kuuma. Kila mwaka naletewa watu wa wiki ya nne.

Kuna anayenong'ona pale kwamba kutembea si mchezo. Mwaka 1953 mtafiti wa afya Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Hakuna kondakta aliyekuwa na kipaji cha ngazi. Alipanda tu, kila siku, na hakuwa na cha kuokota.

Kuhusu baiskeli nilikuwa na mengi, yaache. Rekebisha urefu wa kiti, goti likunjuke karibu lote kanyagio likiwa chini, mengine utajifunza njiani.

Nimeletewa karatasi hapa: mama yangu ana miaka 70, aanze na nini? Kama daktari wake hana pingamizi, mpira wa meza. Kile kimpira kina gramu 2.7, kikimpiga usoni atacheka. Mwekee mtu wa kuokota kwa siku za mwanzo, akiinama sana kizunguzungu kitamkatisha tamaa. Mjukuu anafaa. Swali la pili kwenye karatasi ni la raba, hilo nifuateni nje, maana wenye ukumbi wameshazima feni.