Punda watatu katika mstari mmoja wa Zekaria

Ndugu zangu, fungueni Zekaria 9:9. Mfalme anakuja "amepanda punda, naam, mwana-punda, mtoto wa punda". Punda, punda, punda! Utadhani nabii ameishiwa maneno. Kumbe Kiebrania kina matatu pale. Hamor ni punda dume, na Waarabu humwita himar, shina lile lile. Ayir ni dume kijana. Aton ni punda jike. Hapo ametajwa kwa wingi, atonot.

Huyu jike alithaminiwa sana. Sauli alitoka kwao kuwatafuta atonot wa baba yake waliopotea, akaishia kupakwa mafuta na Samweli. Balaamu naye alipanda aton, na ni yule mnyama aliyemwona malaika kabla ya bwana wake anayejiita mwonaji. Wimbo wa Debora, Waamuzi 5:10, unawaita wapandao atonot weupe. Hao si walalahoi, ni wakubwa wa nchi.

Ndiyo maana Jumapili ya Matawi nikisikia kwamba Yesu alipanda mnyama wa maskini, sikubali. Someni mstari wa 10: Mungu ataondoa gari la vita Efraimu na farasi Yerusalemu. Farasi enzi zile alikuwa silaha. Kumbukumbu 17:16 inamkataza mfalme kujilimbikizia farasi. Kwa hiyo anayeingia juu ya punda ni mfalme kamili, ila hakuja kupigana. Unyenyekevu wake uko hapo, wala si kwamba hana kitu.

Na maneno yenyewe Zekaria hakuyaokota njiani. Katika Mwanzo 49:11 Yakobo anambariki Yuda, kabila la wafalme: atamfunga ayir wake kwenye mzabibu, na mwana wa aton wake kwenye mzabibu ulio bora. Ayir na aton, jozi ile ile. Msikilizaji wa Kiyahudi angeinua kichwa mara moja.

Sasa mtaniuliza juu ya Mathayo 21, maana yeye ana wanyama wawili, wakati Marko, Luka na Yohana wana mmoja. Wako wasemao Mathayo hakuelewa kwamba ushairi wa Kiebrania husema jambo moja mara mbili. Mimi naona vigumu kuamini hilo kwa mtu aliyeyajua Maandiko kiasi kile. Marko 11:2 anasema mwana-punda yule alikuwa hajapandwa na mtu. Mnyama wa namna hiyo, katikati ya umati unaopiga kelele, mama yake akitangulia hutulia. Mfugaji yeyote wa punda atawaambia.