Njia Hupimwa kwa Gari la Mwisho

Ndugu zangu viongozi wa misafara, habari za jioni. Mada yetu ni kukagua njia ya porini kabla ya kupeleka kundi kupiga kambi. Nitatumia njia moja tu, ya Mto wa Mbu kwenda Ngare Sero kando ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, kwa sababu ina karibu kila balaa: mchanga, vumbi la majivu, mawe makali na makorongo.

Kosa la kwanza la mkaguzi ni kwenda mwepesi. Yuko na mwenzake mmoja, keria tupu, anavuka korongo bila hata kupunguza gia, anaandika "panapitika". Siku ya safari yanakuja magari manne. Watu 16 kwa siku tatu, lita 8 kwa mtu kwa siku za kunywa, kupikia na kunawa, ni lita 384. Hayo ni madumu 20 ya lita 20, karibu kilo 400 za maji matupu, maana maji ya ziwa ni magadi na hayanyweki. Halafu gari la nne linaingia kwenye mchanga ambao matatu ya mbele yameshauvuruga. Hilo la nne ndilo la kupimia njia. Kwa hiyo nenda kukagua na madumu yaliyojaa. Ukifika, wagawie wenyeji maji.

Sasa korongo lenyewe. Simamisha gari, shuka, livuke kwa miguu mpaka ng'ambo. Chukua nondo ya milimita 12, choma mchanga kila hatua tatu. Ikizama sentimita 30 kwa nguvu ya mkono tu, hapo ni teketeke. Tafuta mahali penye changarawe, hata kama ni mita 50 kando. Kisha tazama kingo. Kushuka kila mtu anaweza, kupanda ng'ambo ndiyo kazi. Ngazi ya udongo ikiwa kali kuliko pembe ya kutoka tairi la mbele hadi chini ya bampa, bampa ndilo litakalochimba. Watu wawili wenye chepe wanaweza kuilainisha, lakini andika muda waliotumia, kwa kuwa mvua ijayo itaikata upya. Na ukimaliza kuvuka, geuza urudi. Njia iliyopimwa upande mmoja imepimwa nusu.

Kwenye mchanga, shusha upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi 20 kwa geji. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Tairi likianza kuzunguka na gari halisogei, achia mafuta papo hapo. Ukiendelea kukanyaga, linachimba mpaka difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, ikae juu ya mchanga, na hapo tairi halina tena cha kushika. Ubaya wa kushusha upepo ni kwamba mbele kuna mawe ya volkano, na tairi lililolegea huchanika ubavuni. Lazima lijazwe tena. Pampu moja ya betri, dakika tano kwa tairi, matairi 16: dakika 80 mnakaa juani. Wengi hawaiweki hesabu hiyo kwenye ratiba, ndipo wanajikuta wanapiga hema gizani. Weka pampu mbili, na chagua mahali pa kujazia penye kivuli cha migunga.

Vumbi la huku ni laini kama unga. Acha mwanya kati ya magari mpaka vumbi la aliyetangulia litulie, na kila jioni kung'uta filta ya hewa. Filta ikiziba, injini inakosa pumzi, inakula dizeli zaidi na inatoa moshi mweusi.

Mafuta: Mto wa Mbu hadi Ngare Sero ni kama kilomita 120. Kwenda na kurudi 240, weka 60 za kuzungukazunguka, jumla 300. Gari linalokula lita 13 kwa kilomita 100 kwenye lami, lipigie hesabu ya 25 huku. Inakuja lita 75; ongeza theluthi, beba 100, na ujaze Mto wa Mbu.

Njia inapita wilaya za Monduli, Longido na Ngorongoro, kwa hiyo uliza mapema kuhusu ushuru wa mageti, na uonane na uongozi wa kijiji kabla ya kuchagua kiwanja.

Kiwanja hakiwi ndani ya korongo, hata kama mchanga wake unaita kama godoro. Mvua ikinyesha Mlima Gelai au kwenye milima ya Ngorongoro, maji yanaweza kushuka huku juu yako nyota zinawaka. Tazama migunga: majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi vinakuonyesha maji yalifika wapi. Panda juu ya alama hiyo. Jaribu pia kupigilia kigingi kimoja. Ardhi ikiwa ngumu vya plastiki vinavunjika, leta vya chuma.

Mwisho ni ufuko. Ule weupe unaong'aa ni gamba la magadi, na chini yake kuna tope. Mguu unapita, gari linazama, na gari la kulivuta nalo litazama. Weka alama ya mwisho wa magari kwenye ardhi yenye nyasi, kutoka hapo watu watembee. Heroe wadogo (flamingo) huzaliana kwenye ziwa hili, hivyo kuwatazama ni kwa darubini, kwa mbali.