Kioo Kinachoshikana na Mfupa

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunazungumzia kioo ambacho daktari anakiweka ndani ya mfupa, na mfupa unakipokea. Kaka Baraka, lilianzia wapi hili?

BARAKA: Kwenye basi, dada Zuhura. Mwaka 1967 Larry Hench, mtaalamu wa kauri wa Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa safarini kwenda mkutanoni, akaketi na kanali wa jeshi la Marekani aliyetoka Vietnam. Kanali akamwuliza kama wataalamu wangeweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa. Vyuma na plastiki vya wakati ule, mwili ulikuwa unavizungushia kovu.

ZUHURA: Unavitenga kama mgeni asiyekaribishwa.

BARAKA: Naam. Mwaka 1969 Hench akayeyusha mchanganyiko wa silika, yaani madini ya mchanga, asilimia 45, oksidi ya sodiamu 24.5, oksidi ya kalisi 24.5 na oksidi ya fosforasi 6. Vipande vikapandikizwa kwenye mifupa ya paja ya panya. Baada ya wiki 6 vikasukumwa, vikavutwa, wapi! Vilikuwa vimeshikana na mfupa.

ZUHURA: Hapo tukae kidogo. Vilishikanaje?

BARAKA: Siri ni kwamba kioo hiki kinayeyuka polepole. Cha dirishani kina silika asilimia 70 hivi, kimefungamana, maji hayakisumbui. Hiki kina silika kidogo. Kikigusana na majimaji ya mwili, ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu zinatoka na za hidrojeni zinaingia. Usoni pake panabaki utando wa jeli ya silika. Kalisi na fosfati zinatua juu ya jeli ile, mwanzoni ovyo ovyo, baadaye zinajipanga kuwa fuwele zinazofanana na madini ya mfupa. Seli za mfupa zikifika, zinajenga papo hapo.

ZUHURA: Na silika ikiongezwa?

BARAKA: Ikipita asilimia 60 hivi, hakishikani tena na mfupa.

ZUHURA: Ajabu kweli. Kinatumika wapi?

BARAKA: Kilianza kuuzwa mwaka 1985, kuchukua nafasi ya vijifupa vya sikio la kati. Siku hizi kimo hata kwenye dawa za meno, kwa meno yanayouma ukinywa baridi. Ila kinachonigusa zaidi ni kioo kingine cha jamii hii kutoka Ufini, kiitwacho S53P4. Mfupa wenye maambukizi sugu unasafishwa, shimo linajazwa chembe zake. Kinapoyeyuka kinapandisha alkali na chumvi pale, bakteria wanashindwa kuishi.

ZUHURA: Mgonjwa aliyehangaika na usaha mfupani kwa miaka, hiyo ni nafuu kubwa mno. Basi mbona hatujengi mguu mzima kwa kioo hiki?

BARAKA: Kinavunjika upesi kikipindwa. Watafiti wanataka kiunzi chenye vitundu, ili mishipa ya damu ipenye. Lakini ukichoma unga wa kile kioo cha Hench ili ushikane, fuwele zinaota ndani yake, na kasi yake ya kushikana na mfupa inapungua. Ndiyo maana wengine wanabadilisha mchanganyiko kwa kuongeza magnesiamu na potasiamu, wengine wanatengeneza kioo kwa njia ya jeli badala ya kuyeyusha tanurini, wengine wanakichanganya na polima, yaani vitu vya molekuli ndefu kama plastiki.

ZUHURA: Wewe ungeweka matumaini wapi?

BARAKA: Kwenye polima. Mfupa wenyewe ni madini na kolajeni, protini ya nyuzinyuzi, pamoja. Madini peke yake nayo yangevunjika vilevile.