Kijiji gani? Gunia gani?

Ndugu zangu wahudumu wa afya, naomba tuanzie kwenye daftari la wagonjwa wa nje. Lina safu ya jina, umri, kijiji na ugonjwa. Foleni ikiwa ndefu, safu ya kijiji ndiyo tunayoiruka. Naumia kila nikiiona tupu, kwa sababu bila kijiji, wagonjwa kumi wa sumu moja wanabaki kuwa watu kumi wasiohusiana.

Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, mashariki mwa Kenya, watu walifika hospitalini macho yakiwa ya manjano. Mgonjwa mmoja wa ini hamshtui mtu. Wakija wengi kutoka eneo moja, ndani ya wiki chache, lazima mtu aulize. Virusi vya homa ya ini vilipimwa, havikuonekana. Ndipo wakageukia mahindi, na mengine yakakutwa na sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu, hadi mikrogramu 4,400 kwa kilo. Kikomo kilichoruhusiwa kilikuwa 20.

Lakini huko Ukambani, yaani eneo hilo la Makueni na Kitui, nani hali mahindi? Ugali ni wa mahindi, muthokoi ni mahindi, isyo ni mahindi na maharagwe. Kwa nini huyu augue na jirani yake awe mzima? Hapa ndipo naipenda kazi hii. Wachunguzi waliwachukua wagonjwa 40, wakatafuta na watu 80 wazima wa vijiji hivyo hivyo, wakawauliza wote maswali yale yale. Sisi tumezoea kumhoji mgonjwa tu. Mzima naye ana jibu, na bila lake la mgonjwa halitufikishi mbali. Waliougua ndio zaidi waliokuwa wameweka mahindi yakiwa na unyevu, tena ndani ya nyumba wanamolala, si ghalani.

Hadi Julai 20 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Sokoni nako hakukuwa salama: zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi na unga zilivuka kikomo. Basi kuwaambia watu watupe ya nyumbani wakanunue ya dukani kusingetosha. Ilibidi wapelekewe chakula kingine.

Ulizeni pia habari za mifugo. Mwaka 1974, magharibi mwa India, sumu hii hii ilipoua watu, mbwa waliokula chakula kile kile walikufa pia. Mama akikwambia kuku wameisha bandani, usimkatize. Andika.

Na ukimpokea mgonjwa wa pili mwenye macho ya manjano kutoka kijiji kile kile, usingoje ripoti ya wiki. Piga simu wilayani siku hiyo hiyo. Kisha mwombe ndugu yake arudi nyumbani alete kopo moja la mahindi kutoka kwenye gunia wanalokula sasa, kabla halijaisha.